Kifua Kinachobana Siku za Kazi: Mwongozo wa Kuikamata Pumu Inayoletwa na Metali

Fundi wa kuchomelea akikohoa hakuna anayegeuka kumtazama, maana karakana nzima inakohoa. Mwenyewe husema ni mafua, baadaye husema ni vumbi, baadaye sigara. Miezi inapita, kikohozi kinahamia usiku, kifua kinaanza kupiga mluzi, na siku anapofika hospitali anapewa pampu na kurudi palepale penye moshi. Hakuulizwa anafanya kazi gani, naye hakuona sababu ya kulitaja.

Pumu nyingi hazina chanzo unachoweza kukinyooshea kidole. Hii inacho. Kina jina, mara nyingi kimeandikwa kwenye ndoo au pakiti, na mtu akitengwa nacho mapema ana nafasi nzuri ya kupata nafuu. Tatizo ni kwamba ushahidi wake haukai. Ukiacha kazi leo, baada ya miezi kadhaa vipimo vinaweza kurudi vizuri kabisa, na hapo hutaweza kumthibitishia mtu kilichokupata. Ndiyo maana nasisitiza daftari la vipimo vya pumzi kabla ya barua ya kuacha kazi.

Hatua ya 1: Jua unavuta nini

Kipande cha metali kilichotulia hakimletei mtu pumu. Pete ya platini inavaliwa maisha yote bila neno. Madhara huanza metali inapogeuka moshi, vumbi laini au matone ya chumvi yanayoelea hewani, kisha mwili ukaizoea vibaya: unaitambua kama adui, na kila ikirudi unajibu kwa kubana njia za hewa.

Chumvi za platini zenye klorini ndizo zinazojulikana zaidi kwa ukali huo. Mwaka 1911 iliripotiwa huko Illinois, Marekani, kwamba wafanyakazi wa studio za picha waliotumia karatasi zilizopakwa chumvi za platini walikuwa wakipiga chafya na kubanwa pumzi. Mwaka 1945 daktari Donald Hunter na wenzake wakachunguza wafanyakazi 91 wa viwanda vya kusafisha platini Uingereza, wakakuta 52 wana dalili. Leo chumvi hizo zipo kwenye viwanda vya kusafisha madini hayo na vya kutengeneza vichujio vya moshi wa magari. Katika kazi hiyo mvutaji sigara hupata mzio upesi kuliko mwenzake asiyevuta.

Nikeli na kromu ndizo wengi hukutana nazo: kwenye mapipa ya kupaka metali kwa umeme, na kwenye moshi wa kuchomelea stenlesi. Kobalti imo kwenye ncha ngumu za kukatia vyuma, zile za kabaidi ya tangsteni, na humtoka anayezinoa. Imo pia kwenye visahani vya kung'arishia almasi. Vanadi hupatikana kwenye majivu ya tanuri zinazochoma mafuta mazito, kwa hiyo anayeingia kusafisha boila ndiye wa kwanza kuivuta. Husumbua zaidi kwa kuwasha na kuunguza njia za hewa, na aliyevuta nyingi anaweza kuona ulimi wake umegeuka kijani. Kwenye vyumba vya kuyeyushia alumini kuna pumu inayojulikana tangu zamani, lakini hapo mvuke wa floridi ni mshukiwa kama ilivyo alumini yenyewe.

Usiishie kwenye metali. Anayeunganisha nyaya kwa risasi na bati huilaumu risasi, kumbe kinachombana kifua mara nyingi ni utomvu wa msonobari uliomo ndani ya ule waya, unaotoa moshi mweupe ukiguswa na chuma cha moto. Maji ya kupoozea mashine za kukata vyuma nayo huleta pumu. Rangi za kupuliza zenye kigumushi pia. Orodhesha vyote vilivyo karibu nawe, hata vya jirani yako wa meza ya pili.

Kisha omba karatasi za usalama za kemikali hizo. Ni haki ya kawaida ya mfanyakazi, na muuzaji anayeuza kihalali anazo. Fungua kipengele cha 2 utafute alama H334. Maana yake ni kwamba kitu hicho kikivutwa kinaweza kuleta mzio, dalili za pumu au shida ya kupumua. H317 ni mzio wa ngozi, H350 ni saratani. Kromu ya aina ya sita na misombo ya nikeli mara nyingi hubeba zaidi ya moja. Kwa wachomeleaji, soma pakiti ya elektrodi kabla ya kuangalia chuma unachounga, kwa kuwa sehemu kubwa ya moshi hutoka kwenye elektrodi. Chuma nacho kitazame kama kimepakwa kitu juu, zinki, rangi au kromu.

Hatua ya 2: Tazama dalili zinakuja lini

Muda wa kuja kwa dalili una habari nyingi kuliko dalili zenyewe. Pumu ya mzio haiji siku ya kwanza ya kazi. Mtu anaweza kuvuta kitu wiki kadhaa, miezi au hata miaka bila shida, na wengi huanza kuugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Hivyo ile hoja ya "mbona mwaka jana nilikuwa mzima na kazi ni ileile" haimwondoi mtu kwenye shaka. Ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokuja.

Mara nyingi pua hutangulia. Makamasi mepesi, chafya, macho kuwasha, kisha miezi michache baadaye kifua. Fundi ambaye pua yake hutiririka saa za kazi tu anapaswa kuanza kuandika siku hiyohiyo, asingoje mluzi.

Halafu kuna jambo linalowapoteza wengi, madaktari wakiwemo. Kifua si lazima kibane ukiwa kazini. Kwa baadhi ya watu hubana baada ya saa 4 hadi 12, yaani jioni wakiwa nyumbani, au usiku wa manane. Mtu anaanza kushuku godoro, paka au dawa ya mbu, wakati kilichomdhuru alikivuta asubuhi. Jiulize maswali mawili: je, nikiwa mapumzikoni nalala vizuri zaidi? Je, nikienda likizo ya wiki mbili kikohozi hupungua, kisha kurudi siku chache baada ya kurejea? Jibu la ndiyo bado si hukumu, lakini linatosha kukupeleka hatua ya tatu.

Tofautisha na homa ya moshi wa metali. Hiyo humpata aliyechoma vyuma vya mabati vilivyopakwa zinki: saa chache baadaye anasikia ladha ya chuma mdomoni, baridi, homa, viungo kuuma kama mwenye malaria, na kesho yake au keshokutwa imeisha. Hupiga zaidi siku ya kwanza baada ya mapumziko, kwa sababu mwili huizoea katikati ya wiki na kuisahau mwishoni mwa wiki. Pumu hufuata njia ya kinyume: wengi huanza wiki na nafuu na kuimaliza wakiwa hoi.

Na maziwa? Wachomeleaji wengi huamini kwamba maziwa huondoa sumu ya moshi. Maziwa huenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Ni chakula kizuri, kinywe kwa njaa. Mwajiri anayegawa maziwa badala ya kufunga feni ya kunyonya moshi amechagua kilicho rahisi.

Ipo pia pumu isiyongoja mzio. Tanuri imefoka, pipa la tindikali limemwagika, mtu amevuta mvuke mwingi mara moja, na ndani ya saa 24 kifua kimebana na hakikuachia tena. Hiyo andika tarehe, saa, kilichomwagika na walioshuhudia, kabla sakafu haijakauka.

Hatua ya 3: Shika daftari na kipima pumzi

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote, na gharama yake ni ndogo. Unahitaji kile kibomba cha plastiki chenye mshale unaosogea ukipuliza, kinachopima kasi ya pumzi kwa lita kwa dakika. Tumia kimoja tu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa viwili vya aina tofauti havisomi sawa.

Simama. Rudisha mshale sifuri. Vuta pumzi hadi kifua kijae kabisa, bana midomo kuzunguka mdomo wa kifaa pasibaki upenyo, kisha puliza mara moja, kwa ghafla na kwa nguvu zote. Si lazima pumzi iwe ndefu, iwe kali. Ulimi usizibe tundu, vidole visizuie mshale. Rudia mara tatu na uandike namba kubwa kuliko zote, si wastani. Kama mbili za juu zimepishana kwa zaidi ya lita 20, puliza tena, kuna moja hukuitendea haki.

Pima mara nne kwa siku kwa uchache: unapoamka, katikati ya zamu, unapomaliza kazi, na kabla ya kulala. Ukiweza kila baada ya saa mbili ni bora zaidi. Endelea kwa wiki nne, siku za mapumziko ukizipima kwa bidii ileile, kwa sababu bila hizo hakuna cha kulinganisha. Pembeni mwa kila siku andika saa ya kuingia na kutoka kazini, kazi uliyofanya, dawa ulizotumia na kama una mafua. Usibadilishe dawa katikati bila ushauri wa daktari. Ukisahau kipimo, acha nafasi wazi. Namba ya kubuni huharibu ukurasa mzima, na mtaalamu aliyezoea kusoma daftari hizi huziona namba za kubuni upesi: zimenyooka mno.

Ukurasa unaotia shaka huwa hivi. Tuseme Jumapili, siku ya mapumziko, namba zako zinacheza kati ya 480 na 510. Jumatatu unaingia zamu na 500, unatoka na 470. Jumanne unaamka na 430, na hapo usishangae kwamba asubuhi ni mbaya kuliko jioni iliyotangulia, ni ile bano ya usiku. Alhamisi hupiti 420. Ijumaa jioni 380, na pampu umeitumia mara mbili. Jumamosi unaamka na 400, jioni 450. Jumapili unarudi 490. Wiki moja ya hivyo inaweza kuwa mafua. Nne mfululizo ni vigumu kuzibishia. Chora grafu kwa penseli, siku za kazi utie kivuli, na ngazi itajionyesha.

Lakini kuna wasiorudi hata Jumapili. Mapafu yaliyoumizwa muda mrefu huhitaji siku nyingi za kupona, kwa hiyo mtu huyo atakuwa na mstari ulio chini wiki nzima, na atakayeutazama harakaharaka atasema kazi haihusiki. Dawa yake ni kupima pia kwenye likizo ya wiki mbili. Mstari ukianza kupanda siku ya nne au ya tano ya likizo, umepata jibu.

Kwa daktari mwenye kompyuta, ipo programu iitwayo OASYS, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, kwa kazi hii hasa. Inachora vipimo na kutoa alama. Alama inayozidi 2.5 huashiria kwamba kazi inachangia.

Hatua ya 4: Nenda kwa daktari ukiwa bado kazini

Usianze na "nina kikohozi". Anza hivi: "Daktari, napaka nikeli kwa umeme. Kifua kinanibana usiku wa siku za kazi, likizo kinaachia. Vipimo vyangu ni hivi." Weka daftari mezani pamoja na karatasi za usalama. Umemwokolea nusu ya kazi.

Picha ya kifua ikitoka safi haimaanishi huna pumu. Kipimo cha kupuliza kikitoka kizuri siku ya mapumziko nacho hakimaanishi. Kuna kipimo cha kuvutishwa metakolini, kemikali inayobana njia za hewa, ili kuona kama njia za hewa ni nyepesi kukereka. Kifanyike katika kipindi cha kazi, ndani ya saa 24 baada ya zamu, la sivyo kinaweza kudanganya. Kwa chumvi za platini, kuchomwa ngozi kwa tone dogo la chumvi hiyo hutoa jibu la kuaminika. Kwa nikeli, kromu na kobalti kipimo cha ngozi hakitegemewi kiasi hicho. Kipimo cha mwisho ni kumvutisha mtu kiasi kidogo sana cha kitu chenyewe, na hufanywa tu katika hospitali bingwa chini ya uangalizi. Usijaribu kujipima hivyo karakanani.

Dawa ni zilezile za pumu yoyote. Msingi wake ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, ya kutumia kila siku kama ulivyoandikiwa. Pampu ya salbutamoli peke yake hulegeza bano kwa saa chache na kukupa nguvu ya kurudi kwenye moshi.

Haya yote yana sharti moja. Kama unashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo inageuka bluu, au pampu haishiki hata saa nne, achana na daftari. Kaa wima, mtu akupe salbutamoli kupitia ile chupa ya kuvutia dawa inayochomekwa kwenye pampu, mpulizo mmoja mmoja na pumzi kadhaa katikati, mipulizo 4 hadi 10, huku mwingine akiita gari. Hakuna ushahidi unaostahili mtu kuufia.

Hatua ya 5: Zima chanzo

Tazama pipa la kromu likiwa kazini. Umeme ukipita, mapovu madogo ya haidrojeni yanapanda kwenye kifaa kinachopakwa, yanapasuka juu, na kila povu linarusha vitone vya tindikali ya kromu hewani. Ukungu wa manjano unaoukuta kwenye ukingo wa pipa umejengwa na vitone hivyo. Basi dawa ni kufunika uso wa maji kwa mipira ya plastiki inayoelea au kwa dawa ya kuzuia ukungu, na kuweka mdomo wa kunyonya hewa kwenye ukingo wa pipa, chini ya pua ya fundi. Feni ya darini huuvuta ukungu upite usoni kwake kwanza.

Kwa mchomeleaji, bomba la kunyonya moshi likae karibu kuliko anavyodhani. Ukilisogeza mbali kwa kipimo cha upana wake tu, kasi ya hewa imebaki takriban sehemu moja ya kumi. Bomba la sentimita 15 lililoegeshwa nusu mita ni pambo. Na kichwa kisiinamie moshi unapopanda, geuza kazi au geuza mwili.

Kunoa ncha ngumu kwa maji hupunguza vumbi, lakini kuna mtego: kobalti huyeyuka polepole ndani ya maji ya kupoozea yanayozungushwa, na ukungu wa maji hayo huibeba hadi puani. Badilisha maji kwa ratiba, funika jiwe la kunolea, tafuta kipoozeo kisichoyeyusha kobalti.

Usipulize vumbi kwa kompresa, wala usifagie pakavu. Tumia mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini sana, au lowesha. Unataka kuona usichokiona? Zima taa, washa tochi kali na mwanga wake upite mbele ya sehemu ya kazi, kisha tazama ukielekea upande wa tochi bila kuikodolea macho. Mawingu yatakayong'aa ndiyo unayovuta mchana kutwa.

Barakoa ni ya mwisho. Ile ya hospitali haizuii moshi wa metali. Ya kuchuja vumbi laini, iliyoandikwa FFP3 au P100, inafaa ikibana uso vizuri, na ndevu, hata za siku mbili, huiachia upenyo.

Hatua ya 6: Omba kuhamishwa, kwa maandishi

Mwili ukishapata mzio, kiasi kidogo sana kinatosha kuuwasha, kiasi ambacho wenzako hawakihisi na vipimo vya hewa vinakiona halali. Hatua ya tano inawalinda wenzako. Wewe unahitaji kutoka kabisa kwenye kitu hicho. Takriban theluthi moja ya wanaotengwa hupona dalili zote, na walio na nafasi kubwa ni wale waliohama wakiwa bado na dalili za muda mfupi. Wanaobaki huendelea kudhoofika, hata wakiwa na dawa.

Mwandikie mwajiri, uambatishe barua ya daktari, na ubaki na nakala. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inaitaja pumu. Utaratibu wa fidia hutofautiana nchi kwa nchi, na mara nyingi kuna muda wa mwisho wa kutoa taarifa, kwa hiyo uliza chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi mapema. Usitie saini ya kuacha kazi kwa hiari kabla ugonjwa haujaandikwa. Na waulize wenzako wa sehemu moja nawe kuhusu pua na usiku wao. Ni nadra kuwa peke yako.

Ukihamishwa, usitupe kipima pumzi. Dawati jipya linaweza kuwa ukuta mmoja na pipa lilelile, au mlango wake ukafunguka kila saa na kuingiza hewa ya kule. Nguo za kazi za mwenzako anayekuja kupiga soga nazo hubeba vumbi. Pima wiki mbili hadi nne pale ulipohamia, siku za kazi na za mapumziko, mara nne kwa siku, uchore grafu nyingine na kuiweka kando ya ile ya kwanza. Kama ngazi bado ipo, hujahama.